Nyanya za kisima cha chumvi: mzizi unataka hewa kabla ya mbolea

Nyanya zikianza kuungua kingo za majani kwenye mashamba ya Malindi yaliyo karibu na bahari, wengi hukimbilia gunia la mbolea. Mara nyingi ni kupoteza pesa, maana tatizo liko mizizini.

Utando wa seli za mzizi una pampu za protoni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya. Hizi hutumia ATP, yaani nishati ya seli, kusukuma protoni nje. Ndani hubaki chaji hasi inayovuta potasiamu. Protoni zikirudi, huingia pamoja na nitrati (chakula cha nitrojeni cha mmea) kupitia milango maalumu. Mlango mwingine hutumia kurudi huko kuitoa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Pampu zikizimika, sodiamu hurundikana ndani.

Kinachozizima ni ukosefu wa hewa. Molekuli moja ya glukosi (sukari) ikitumika pamoja na oksijeni hutoa ATP 30 hivi. Bila oksijeni, 2 tu. Ndiyo maana maji ya chumvi yakituama huua mmea ambao chumvi peke yake ingeudumaza tu.

Chimba sentimita 20 kando ya shina. Mzizi mzima ni mweupe na mkakamavu. Uliokosa hewa ni wa kahawia, ganda lake huchubuka ukiuvuta, na udongo hunuka yai viza. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa kandokando ya mto Sabaki, panda juu ya matuta ya sentimita 20 hadi 30.

Pima chumvi ya maji. Kipimo chake ni desisimensi kwa mita (dS/m): nyanya huvumilia 1.7 bila hasara, kwenye 2.3 mavuno hupungua asilimia 10 hivi, kwenye 3.4 robo. Maharagwe hupoteza asilimia 10 kwenye 1.0 tu, kwa hiyo yaacheni. Kisimani maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi: vuta kidogo, pumzisha, kwani ukivuta kwa pupa chumvi hupanda. Ukimwagilia, ongeza asilimia 15 ya maji ili chumvi ishuke chini ya mizizi, mradi udongo unapitisha maji. Usimwagie majani.

Udongo wa matumbawe una pH (kipimo cha uchachu; juu ya 7 si mchachu) ya 8 hivi, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani: kwa pH hiyo madini ya chuma hayayeyuki. Hapo mbolea ya SA (salfeti ya amonia) hufaa kuliko CAN (yenye kalsiamu na nitrati), kwa sababu mzizi unaofyonza amoniamu hutoa protoni zaidi na kuyeyusha chuma na fosforasi. Weka kijiko cha chai kwa mche, sentimita 10 kutoka shina, kisha umwagilie. Jivu la jikoni lisitiwe kabisa; huipandisha pH zaidi.