Kutafuta gesi ya baharini kwenye data za mitetemo kabla ya kuchoronga

Kisima cha bahari kuu hula mamilioni ya dola, kwa hiyo sisi wa mezani, tunaosoma picha za miamba, hutangulia. Tuseme umepewa data za mitetemo za 3D, yaani picha ya miamba iliyochorwa kwa mwangwi wa sauti, kutoka kina kirefu cha kusini mwa Tanzania, kule kisima cha Pweza-1 kilikopata gesi mwaka 2010. Meli imeshapita, mizinga ya hewa imeshapiga, haidrofoni, yaani maikrofoni za majini, zimenasa mwangwi.

1. Anza na sakafu ya bahari. Mwangwi wake ukirudi baada ya sekunde 3.2, zidisha kwa 1,500, yaani mita ambazo sauti hupita majini kwa sekunde, kisha gawa kwa mbili, maana imekwenda na kurudi: mita 2,400. Andika na rangi yake kwenye skrini, inayoonyesha kama sauti imeingia kwenye kitu kigumu zaidi au laini zaidi. Sakafu ikiwa buluu, kilele cha mchanga wenye gesi hutarajiwa kuwa chekundu, kwa kuwa gesi hulainisha mwamba. Mwaka wangu wa kwanza niliruka hatua hii, nikashangilia chokaa siku mbili nzima.

2. Kagua sekunde 6.4. Mwangwi wa pili wa sakafu, uliopanda na kushuka majini mara mbili, hutua hapo, ukijifanya tabaka.

3. Chora ramani ya tabaka. Tafuta lilipoinuka au lilipokatwa na ufa, juu yake pakiwa na mfinyanzi wa kuziba.

4. Sasa doa ng'avu, yaani sehemu ya tabaka yenye mwangwi mkali kuliko jirani zake. Usiliamini mpaka ukingo wake ufuate kontua moja, yaani mstari wa kina kilekile, pande zote, kwa kuwa gesi hukaa juu ya maji kwa usawa kama mafuta ya taa chupani. Ukibahatika utaona mstari bapa ukikata matabaka yaliyoinama: hapo gesi inakutana na maji, na rangi yake ni ile ya sakafu. Usiunyooshe kwa rula. Gesi huchelewesha sauti, hivyo kwenye picha ya muda, inayopima kina kwa sekunde badala ya mita, mstari huo huweza kubonyea.

5. Linganisha picha ya pembe ndogo, sauti ikipiga tabaka karibu wima, na ya pembe kubwa, ikilipiga kimshazari. Kwenye mchanga wa aina hii, mwangwi ukizidi nguvu pembe inapopanuka, moyo hutulia. Kidogo tu: asilimia chache za gesi ndani ya vitundu vya mwamba hung'aa karibu sawa na gesi iliyojaa. Ndiyo maana kwenye fomu ya uwezekano, tunapokadiria nafasi ya kisima kufaulu, gesi haba naipa mstari wake peke yake, hata doa likiwaka kama karabai.