Diski inayokataa kulala kwenye Linux: namna ya kumsaka anayeishikilia

Kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inaweza kuilaza diski isiyo na kazi huku kompyuta ikiendelea kutumika. Hapa tunashughulika na diski ya SATA inayozunguka, ambayo Linux inaiita sdb, ya kuhifadhia data tu. NVMe (diski za chipu, zisizozunguka) ina utaratibu wake.

Nenda kwenye /sys/block/sdb/device/power. Wengi huandika auto kwenye faili la control, kisha wanangoja bure: kwa diski za aina hii autosuspend_delay_ms (muda wa kungoja kabla ya kulala) huanza na -1, yaani isilale kamwe. Ukiwa root (msimamizi):

echo 60000 > autosuspend_delay_ms
echo auto > control

Hizo ni milisekunde, sawa na dakika moja. Kwa majaribio inatosha; kwa matumizi ya kila siku weka 600000 au zaidi, maana kuzima na kuwaka mara kwa mara kunaichosha mota.

Usipime kwa hdparm -C, amri ya kuuliza kama diski imelala. Amri yoyote inayotumwa kwa diski huifanya kerneli iizindue kwanza, kwa hiyo utajibiwa kuwa iko macho kumbe umeiamsha mwenyewe. Soma runtime_status kwenye saraka ileile ya power, basi.

Diski ikilala, dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) huandika "Synchronizing SCSI cache", kisha "Stopping disk". Ukiona ya kwanza bila ya pili, kerneli inaihesabu imelala lakini sahani bado zinazunguka. Hakikisha manage_runtime_start_stop, chini ya /sys/class/scsi_disk, ni 1. Kerneli za zamani huiita manage_start_stop.

runtime_status ikibaki active (macho), fuatilia matukio ya rpm, yaani ya kulala na kuamka kwa vifaa:

cd /sys/kernel/tracing
echo 1 > events/rpm/enable
cat trace_pipe

Tafuta mistari yenye anwani ya diski, mfano 2:0:0:0, uangalie ret (jibu la jaribio la kulala). -11 maana yake kuna anayeishikilia, na mara nyingi ni control iliyobaki on, kwani hiyo peke yake huongeza hesabu ya watumiaji. -16 utaiona kwa kifaa mzazi ambacho mtoto wake yuko macho. -13, usimamizi umezimwa kwa kifaa hicho. -22 ni kosa la awali ambalo halijafutwa. Rudi kwenye dmesg utafute lilipoanzia.

Kesi ngumu ni diski inayolala vizuri kisha rpm_resume (kuamshwa) inatokea papo hapo. Hapo kuna anayesoma au kuandika. Andika 1 kwenye events/block/block_rq_issue/enable, ili uone maombi yanayotumwa kwa diski; jina la programu liko mwanzoni mwa mstari. Ukikuta kworker au jbd2, ambazo ni kazi za kerneli yenyewe, mwandishi halisi amejificha nyuma yake: ingia kwenye saraka ya diski hiyo, uendeshe fatrace -c (programu ya kufuatilia mafaili yanayoguswa) uone faili lenyewe. smartd, programu ya kukagua afya ya diski, nayo huamsha diski kila sekunde 1800, na chaguo lake la -n standby, la kuiacha diski iliyolala, halisaidii hapa kwa sababu ileile ya hdparm. Refusha muda wake kwa -i, au iondoe diski hiyo kwenye orodha yake.

Ukimaliza, andika 0 kwenye events/rpm/enable na events/block/block_rq_issue/enable. Mipangilio ya power hupotea kompyuta ikiwashwa upya, hivyo iweke kwenye kanuni ya udev, huduma inayopanga vifaa vinapogunduliwa.