Kupima Uingiliaji wa Siasa za Nchi Nyingine Kabla ya Kuuanza

Anza na sheria. Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Njia halali zinazobaki ni kujilinda (Ibara ya 51), idhini ya Baraza la Usalama, au mwaliko wa serikali halali. Mwaliko uchunguze sana: serikali iliyokwisha kupoteza nchi humwalika yeyote.

Kisha andika lengo kwa sentensi moja, na ishara ya kuondoka. Hapa ndipo wengi hukwama. Libya mwaka 2011, azimio namba 1973 la Baraza la Usalama liliruhusu kulinda raia. Operesheni ikaishia kumwangusha Gaddafi, na hapakuwa na mamlaka ya kukusanya silaha. Nyingine zilivuka hadi Mali.

Linganisha na Gambia, Januari 2017. Adama Barrow alikuwa ameshinda uchaguzi, majirani wa ECOWAS (jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi) walikuwa kitu kimoja, jeshi la nchi halikupigana na majeshi yao, na Jammeh, rais aliyeshindwa akakataa kuondoka, aliachiwa njia ya kwenda uhamishoni. Ukikosa hata moja kati ya hayo manne, hesabu upya.

Panda ngazi polepole: usuluhishi, kisha kuzuia mali na safari za viongozi wahusika. Vikwazo vya jumla humuumiza raia kwanza, kama Iraki miaka ya 1990.

Kutoingilia nako pia kuna gharama zake. Rwanda, Aprili 1994, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi chake cha kulinda amani hadi watu wapatao 270 huku mauaji yakiendelea.