Kuchora bodi ya amplifaya ya hedifoni

Nunua vipuri kwanza, chora baadaye. Kapasita ya maikrofaradi 220 utakayopewa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, huenda ikawa nene kuliko ile ya kwenye KiCad (programu ya kuchorea bodi), na bodi ikishatobolewa huna la kufanya. Pima kipenyo chake na nafasi kati ya miguu.

Saketi ni fupi: chipu moja ya kukuza sauti, OPA2134, kwa kushoto na kulia, betri ya volti 9, na graundi ya kati (nusu ya volti za betri) inayotokana na rezista mbili za kiloomu 4.7 na kapasita mbili za 220. Ukuzaji wa mara 3 unatosha simu (rezista za kiloomu 10 na 4.7: 1 + 10/4.7). Mara 11 ni makelele.

Kazi yote iko kwenye graundi. Chora njia mbili tofauti, ya ingizo na ya hedifoni, zikutane mahali pamoja tu: kati ya zile kapasita mbili za 220. Zikichangia njia, sauti ya kushoto itavujia kulia. Na graundi hii isiguse hasi ya betri, hata kupitia kasha la chuma.

Kapasita ya nanofaradi 100 ikae milimita chache tu kutoka pini 8 na 4 za chipu, zile za umeme. Ikiwa mbali, chipu inaweza kutetema kwa masafa usiyoyasikia. Utagundua ikipata moto na betri kuisha upesi.

Njia za shaba ziwe milimita 1. Ukihamisha wino wa printa ya leza kutoka karatasi hadi shaba kwa pasi, usichapishe upande wa chini ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo: utajigeuza wenyewe ukiulaza kwenye shaba.