Jeni za bakteria wa utumbo kwenye ugonjwa wa Crohn: usiishie kwenye jina la spishi

Ukiambiwa mgonjwa wa Crohn (ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo) ana Ruminococcus gnavus wengi, yaani aina moja ya bakteria wa utumbo, bado hujaambiwa jambo kubwa. Bakteria wawili wenye jina moja huweza kutofautiana kwa mamia ya jeni. Hizi ndizo hatua za kuzisoma jeni hizo.

Hatua ya 1: Sampuli. Chukua kinyesi kabla mgonjwa hajanywa dawa ya kusafisha utumbo kwa ajili ya kolonoskopi (kipimo cha kutazama utumbo mpana kwa kamera). Andika antibiotiki alizotumia, kama anaharisha, na kama ugonjwa umechachamaa au umetulia. Kuharisha kwenyewe hubadilisha bakteria. Usipoandika hilo, lawama yote utaitupia Crohn. Gandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hatua ya 2: Toa DNA kwa mirija yenye vishanga vya kupasulia seli. Ukitegemea kemikali peke yake, bakteria wenye kuta ngumu hawapasuki vizuri, nawe utadhani wamepungua. Pitisha pia mrija usiotiwa kinyesi. DNA itakayotokea humo ni uchafu wa maabara.

Hatua ya 3: Soma DNA yote. Kusoma jeni moja tu ya 16S, inayotumika kuwatambua bakteria, ni nafuu, lakini mara nyingi huishia kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu). Ondoa kwanza DNA ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa utumbo wenye vidonda humwaga seli nyingi.

Hatua ya 4: Tumia programu za kompyuta: MetaPhlAn itakupa majina, HUMAnN itakupa jeni. Tegemea kuona Faecalibacterium prausnitzii, mtengenezaji wa byutireti (asidi inayolisha seli za utumbo), amepungua. Ila hizo ni asilimia: mmoja akipanda, wenzake hushuka kwenye jedwali hata kama idadi yao haijaguswa.

Hatua ya 5: Ingia ndani ya spishi kwa programu ya StrainPhlAn au PanPhlAn. Hapa ndipo penye utamu. Utafiti wa 2017 ulikuta ukoo wa R. gnavus unaopatikana zaidi kwa wagonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo, wenye jeni za ziada za kustahimili oksijeni, kujinatisha, kunyakua chuma na kula ute wa utumbo. Utumbo uliovimba unawataka hivyohivyo! E. coli wanaopenya seli ni wagumu zaidi: hakuna jeni moja inayowatambulisha wote, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa FimH (protini ya E. coli ya kujinatisha) peke yake.

Hatua ya 6: Linganisha sampuli za mgonjwa yuleyule, akiwa ametulia na akiwa amezidiwa. Na kuwa na jeni si kuitumia. Ukitaka kujua zinazofanya kazi, soma RNA (nakala ya jeni inayotumika), nayo huharibika upesi: kihifadhi kiwe tayari ndani ya chombo kabla ya kumkabidhi mgonjwa.