Kupima mwanga hafifu kati ya galaksi kwa kompyuta tu

Ndani ya kundi la galaksi zimo nyota zisizo na galaksi ya kwao. Ziling'olewa na mvutano wakati galaksi zilipopitana kwa karibu. Mwanaastronomia Fritz Zwicky aliandika juu ya mwanga wao katika kundi la Coma mwaka 1951. Ni hafifu mno, takriban asilimia 1 ya mwangaza wa anga la usiku usio na mwezi au pungufu, lakini mwanafunzi wa Mbarara au Gulu anaweza kuupima bila darubini, maana picha za Hubble, darubini iliyo angani, ni bure.

1. Pakua picha ya kundi la galaksi Abell S1063 kutoka hifadhi ya Frontier Fields, mradi wa Hubble wa kupiga picha za makundi ya galaksi. Wengi hukimbilia Abell 2744, ila lile lina galaksi kubwa kadhaa zinazogombea kitovu. Hili lina moja. Chukua picha ya kichujio F160W (cha mwanga wa infraredi), yenye pikseli za sekunde 0.06 za tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii). Toleo la 0.03 lina pikseli mara nne na litakumalizia bando bure. Tumia wget -c, amri ya kupakua faili, ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia.

2. Fungua kwa DS9, programu ya kutazama picha za astronomia, kwa skeli ya logi inayoonyesha vilivyo hafifu. Utaona ukungu ukizunguka galaksi ya katikati.

3. Ficha nyota na galaksi nyingine zote, kisha panua vifuniko, kwa kuwa kingo zake hufifia polepole.

4. Toa mwanga wa anga lenyewe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. SExtractor, programu ya kutambua na kupima vitu kwenye picha, hukadiria anga kwa viboksi vya pikseli 64 usipobadilisha BACK_SIZE, mpangilio wa ukubwa wa kiboksi. Kwa umbali wa kundi hili, kiboksi hicho hakifikii hata upana wa Njia Nyeupe yetu, ilhali mwanga tunaoutafuta umetanda mbali zaidi. Programu itaudhani anga na kuufuta wote. Usiiruhusu. Pima anga mwenyewe kwenye pembe za picha zilizo mbali na kitovu, kisha uondoe namba hiyo moja tu kwenye picha nzima. Hata pembe hizo huenda zina mwanga kidogo, kwa hiyo andika wazi kwamba jibu lako ni kiwango cha chini kabisa, na mwanga halisi unaweza kuwa zaidi.

5. Chora pete kuzunguka kitovu, chukua mediani (thamani ya katikati) ya mwangaza wa kila pete, uweke kwenye grafu.

Ukimaliza, linganisha umbo la mwanga huo na ramani za maada giza (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake) za kundi hilohilo, zilizo kwenye hifadhi ileile. Wanaastronomia Mireia Montes na Ignacio Trujillo walionyesha mwaka 2019 kwamba viwili hivyo hufuatana kwa karibu sana.