Kuhamisha mfumo wa moto wa Yamaha 650 kwenda 701

Wenye SuperJet (jet ski ya kusimama ya Yamaha) mnajua, ile ya injini ya 650 ilitoka 1990, halafu 1994 ikaja 701, na watu wakipata injini ya pili mitumba wanaanza kuchanganya vitu. Naombeni sana, usichukue CDI (kisanduku cha umeme kinachopigisha plagi moto) peke yake! Magneti (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini), stata (koili zake za kutoa umeme) na CDI vihame pamoja kama seti, sababu vimepangiwa vifanye kazi pamoja, ukichanganya moto unaweza kuja wakati sio wake na pistoni ndo inalipa.

Kwanza funua kifuniko cha injini mvuke wa petroli utoke, kisha toa betri. Magneti usiipige nyundo jamani, tumia pula yake (kifaa cha kuvutia) ya bolti tatu, vuta taratibu mpaka usikie ule mlio wa "tak", imeachia. Hapo angalia ki ya nusu mwezi (kipande cha chuma) kwenye kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kitu kidogo hivi lakini ikiwa imechubuka hata kidogo weka mpya. Koni ya kranki na tundu la magneti vifute vikauke kabisa, pasibaki hata tone la oili, maana kinachoshika magneti ni ile koni, ki kazi yake kuonyesha pozisheni tu.

Piga picha waya kabla hujachomoa. Ukirudisha, kaza nati ya magneti kwa torque wrench (spana inayopima nguvu ya kukaza), usikisie.

Ukijaribu moto, plagi zote mbili ziguse bodi ya injini, mbali na matundu ya silinda, zikining'inia hewani unaweza kuua CDI.